Aliyeitikia Siku ya Daraja

Katika mji huo mtu hakuuliza jambo asilolijua jibu lake. Kuuliza hivyo ilikuwa aibu, kama kwenda sokoni na nguo za kulalia. Aliyetaka kujua kama mvua itanyesha alitazama juu akanyamaza. Aliyetaka kujua kama anapendwa alinyamaza zaidi. Maswali yalikuwapo, tena mengi kuliko watu, lakini yaliandikwa kwenye kadi. Nyuma ya kila kadi palikuwa na jibu lake, na kadi zote zilikaa ndani ya kabati moja refu ambalo hakuna mfanyakazi aliyewahi kufika mwisho wake akawahi kurudi kula chakula cha mchana.

Mwatumu alifanya kazi kwenye kabati hilo. Alikuwa mhakiki: alihakikisha kwamba kila swali lina jibu moja, si mawili, wala si nusu. Siku za mashindano alihamia ukumbini, akakaa kwenye meza ndogo kando ya jukwaa, kidole chake juu ya kengele. Mlio mmoja, mshiriki amepata. Milio miwili, amekosa. Alikuwa ameipiga kengele hiyo miaka mingi, au alasiri moja ndefu. Kila alipojaribu kuhesabu, hesabu ilimvuja kama maji kwenye kiganja. Huko miaka haikufuatana. Mwaka ulikuja pale kadi yake ilipotolewa kwenye droo ikasomwa, kisha ukarudishwa ulikotoka. Mtu aliweza kuamka katika mwaka wa njaa, akala mchana katika mwaka wa sherehe, na alasiri akakuta hakuna mwaka wowote, ila saa ya ukumbini inayohesabu sekunde thelathini na kuanza upya.

Watu nao walikuwa majibu. Kila mmoja alikuwa jibu la swali moja, akaishi kwa swali hilo, akalipwa heshima kwa swali hilo. Mtaa wa Historia walikaa waliokuwa wa kwanza kufanya jambo, na waliokuwa wa mwisho, wakitazamana madirishani kwa kinyongo. Mtaa wa Fasihi walikaa waandishi, na pia watu walioandikwa, na siku za joto hukuweza kuwatofautisha. Mtaa wa Burudani walikaa wanamuziki, wachekeshaji wa redioni, na mtu mmoja aliyewahi kuigiza maiti kwa ustadi hata akapigiwa makofi. Maneno kama mama na baba hayakutumika. Yalikuwa na majibu mengi mno. Mwatumu alimwita mama yake Bi Semeni, kama kadi ilivyomwita.

Kadi iliyoulizwa misimu mitatu bila kupatiwa jibu iliondolewa. Ilizamishwa kwenye beseni la maji, wino ukaachia, karatasi ikaanikwa ipate kuandikwa swali jingine. Mtu wake hakufa. Aliachwa tu. Macho yalimteleza. Muuza duka akamhudumia aliyesimama nyuma yake. Siku haikuisha kabla hata waliokula naye sinia moja hawajalisahau jina lake, na jina likishatoka, uso ulilifuata. Jikoni kwa Mwatumu palikuwa na misumari mitatu ukutani ya kutundikia vikombe, na vikombe viwili. Kila asubuhi aliutazama ule msumari wa tatu. Alijua, kwa akili tu, kwamba palikuwa na mtu. Alingoja aumie, kama mtu anavyongoja chafya iliyokaribia, na chafya haikuja. Basi aliosha kikombe chake, akakitundika, akaenda kazini.

Hivyo ndivyo alivyokuwa siku alipoikuta kadi ya 4,417 kwenye trei ya kijivu. Trei hiyo ilikuwa ya kadi zilizokosewa mara mbili, zinazongoja kuulizwa mara ya tatu alasiri hiyohiyo. Aliisoma kwa sauti, kama kazi ilivyomtaka, apate kusikia kama ulimi unajikwaa popote.

"Nani aliitikia wimbo uliopigwa siku daraja lilipofunguliwa?"

Ulimi haukujikwaa. Akaigeuza. Nyuma paliandikwa: Semeni binti Hamadi.

"Na nani amesimama kama mlingoti tangu asubuhi?" Kombo aliuliza kutoka juu ya ngazi. "Mwatumu. Sahihi. Pointi moja."

Kombo alikuwa karani wa droo, mwanamume mwembamba mwenye wino kwenye masikio. Yeye alikuwa jibu la swali hili: nani aliandika kitabu chenye kurasa tatu? Kitabu kilikuwa kizuri, lakini kila mara ukurasa wa nne ulipomjia kichwani ilimbidi autupe, asije akaiharibu kadi yake.

"Semeni yumo kwenye trei," Mwatumu alisema.

Kombo akashuka ngazi, taratibu. Akaisoma kadi mbele na nyuma. "Semeni wa kwenu."

"Wa kwetu."

"Pole, bibie."

"Asante," alisema Mwatumu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepishwa njia. Alifungua daftari la misimu iliyopita. Mashindano ya kwanza: jibu lililotolewa, Zamzam, kosa. Mashindano ya pili, mshiriki mwingine kabisa: Zamzam, kosa. Pembeni palikuwa na alama ya mpiga kengele, na alama ilikuwa yake mwenyewe. Kidole hiki. Milio miwili, na milio miwili.

Kombo alichungulia juu ya bega lake. "Mtu akibahatisha hubahatisha kivyake," alisema. "Hawa wawili hawakubahatisha. Lakini si kazi yangu hiyo, mimi ni mtu wa kurasa tatu. Sikiliza. Una haki ya kuongeza dokezo. Andika kwamba jina lake linaanza na Se. Basi. Wahakiki wote huwafanyia watu wao. Atakayeketi pale leo akikosa na hilo, basi ameamua kukosa."

"Dokezo litoke kwa mwenye kadi. Na liwe la kweli."

"Linaanza na Se. Kweli tupu. Nini zaidi? Hakuna zaidi. Sahihi."

Mwatumu aliingiza kadi kwenye mfuko wa gauni lake, akatoka.

Njiani alijaribu kuandaa dokezo yeye mwenyewe, asimsumbue mtu. Bi Semeni ni nani? Ni yule aliyeitikia wimbo siku ya daraja. Kabla ya hapo ni nani? Droo hiyo haikufunguka. Baada ya hapo ni nani? Ni yule anayekaa kibarazani, na wapita njia wanapomsalimu kwa swali lake, huinua mkono wa kulia na kusema, ni mimi. Mwatumu aliishi naye nyumba moja. Alijua kadi yake ina herufi ngapi. Hakujua kama anapenda chai yenye tangawizi au bila, kwa sababu tangu kale alimtilia, na Bi Semeni akanywa. Hakuwahi kumsikia akiimba. Jambo hilo lilimsimamisha barabarani. Mwitikiaji wa bendi, na nyumba yake haijawahi kusikia hata mluzi.

Akawaza, au kitu ndani yake kiliwaza na yeye akakisikiliza: pengine mtu ni kile kinachobaki ukiisha kuitoa kadi yake. Na pengine hakibaki kitu. Tumezoea kuulizwa na wale wanaojua. Anayeuliza ana jibu mkononi, kalifunika kwa kidole gumba, na sisi tunatoa jasho mbele yake tupate kumwambia kitu ambacho hana haja nacho. Hiyo ndiyo nguvu yake, wala hana nyingine. Hajawahi kuhitaji lolote kutoka kwetu. Sijawahi kuhitaji lolote kutoka kwa Bi Semeni, aliwaza Mwatumu, naye hajawahi kuhitaji kwangu, na tunaishi kwa amani, na misumari ni mitatu. Wazo hilo halikumuuma. Lilipita ndani yake kama mtu anayepita kwenye chumba cha wagonjwa, kwa nyayo laini.

Bi Semeni alikuwa kibarazani, anachambua mchele kwenye ungo.

"Nani amerudi kabla ya wakati?" alisema bila kuinua kichwa. "Mwatumu. Chakula bado."

Mwatumu alikaa kando yake. Akaitoa kadi, akaiweka kwenye ungo, juu ya mchele. Bi Semeni aliitazama. Akaona alama mbili nyekundu kwenye pembe.

"Ya tatu ni leo," alisema.

"Leo alasiri. Naweza kuongeza dokezo." Mwatumu alingoja. Kwa desturi mtu alitaja jambo tu na mwenzake akalijaza. "Watu wawili walisema Zamzam," aliongeza.

Vidole vya Bi Semeni viliendelea kutafuta mawe. Alitoa moja, akalirusha uani. Akatoa jingine. Hakujaza chochote.

Ndipo Mwatumu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, wala hakujua kwamba mdomo wake unaweza.

"Siku ya daraja," alisema, "ulikuwa wapi?"

Ng'ambo ya njia jirani mmoja alisikia, akafunga dirisha lake polepole, kwa adabu, kama afungavyo mtu aliyemwona mwenzake akioga. Mwatumu alihisi masikio yanawaka. Alikuwa ameuliza na mikono mitupu. Nyuma ya swali lake hapakuwa na kitu.

Bi Semeni aliuweka ungo chini.

"Nilikuwa kwa mkunga," alisema.

Mwatumu alisogeza ungo kando.

"Majina yaliandikwa kwenye ratiba siku moja kabla. Siku hiyo nilikuwa mzima, nimefanya mazoezi na wenzangu mpaka jua la saa kumi. Kesho yake asubuhi uchungu ukanishika. Zamzam, mwenzangu kwenye bendi, akavaa gauni langu akaenda yeye. Gauni lilimbana mabegani, maskini, alikuwa na mabega ya mwogeleaji. Aliyeandika hii kadi hakufika darajani, nasikia alikuwa na mafua. Akachukua ratiba akanakili."

"Na wewe hukusema."

"Nilisema. Walinijibu kwamba imeshaandikwa." Aliinua mkono wake wa kulia, akautazama kama kitu alichookota. "Tulikuwa tunausikia ule wimbo kwa mbali, upepo ulikuwa unakuja upande wetu. Kiitikio cha kwanza nilikuwa nalia. Cha pili nalia. Kilipofika cha tatu wewe ulikuwa umeshatoka, umekunja ngumi. Mkunga akasema, huyu kaja na muziki wake."

Wahakiki hawakuruhusiwa kufungua droo zenye kadi zao. Mwatumu hakuwahi kujua yeye ni jibu la nini. Alizitazama ngumi zake. Zilikuwa wazi, zina wino.

"Zamzam alikuja siku ya tatu na uji," Bi Semeni aliendelea. "Akasema, shoga, watu wananiita jina lako barabarani. Tukacheka mpaka ukaamka. Akawa anakuja kila siku. Kikombe cha tatu kilikuwa chake. Yeye hakuandikiwa kadi, basi hapakuwa na ya kuzamishwa; jina lake likatubakia, uso tu ukawa unateleza. Kisha akaacha kuja. Au alikuja, akabisha, nami nikawa simwoni tena. Hilo ndilo silijui. Nimekaa na huko kutojua kwangu miaka yote, Mwatumu, sina wa kumuuliza."

"Kombo anasema niandike jina linaanza na Se."

"Kombo ana huruma."

"Nikiandika hivyo utabaki."

"Nitabaki hapa na mkono juu," alisema Bi Semeni. Akaichukua kadi, akaipangusa vumbi la mchele, akamrudishia. "Usinitazame hivyo. Sikulazimishi lolote. Andika la kweli tu, maana ndiyo kazi yako. Na ukirudi pita mlango wa uani, huu wa mbele unakwama."

Mwatumu alitembea kurudi. Alijua hesabu ilivyo. Akiandika Se, mshiriki atapata, na Bi Semeni ataendelea kunywa chai kwenye kikombe chake. Asipoandika kitu, kadi itazama, na wanawake wawili watazama nayo. Na akiandika jambo lililokuwa kweli siku ile, huenda mmoja akarudi, na mwingine atakuwa ni huyu anayemtilia chai. Atamsahau leo hii. Alilijua hilo kama anavyojua tarehe. Kidole chake tu, kile cha kengele, kilikuwa kimepoa kama kilichotolewa kwenye maji ya mtungi.

Mezani alichovya kalamu, akaandika chini ya swali kwa mwandiko wake mdogo: Dokezo: gauni lilimbana mabegani.

Kombo alisoma. "Hili halimsaidii Semeni."

"Halimsaidii."

Kombo alifikiri, akajikuna sikio, akazidisha wino. "Nimepata ukurasa wa nne sasa hivi," alisema kwa unyonge. "Nautupa." Lakini alisimama hapo muda, na Mwatumu hakumwona akitupa kitu.

Ukumbi ulikuwa umejaa, isipokuwa viti vichache vilivyoonekana vitupu. Muulizaji alisimama jukwaani na kipaza sauti chake. Hakuna aliyejua yeye ni jibu la nini; alikuwa mtu mrefu, safi, na alipouliza alitabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, upande wenye jibu. Ni mfalme gani aliyetawala siku moja tu, tena ya mapumziko? Mlio mmoja. Ni riwaya ipi ambayo jina la shujaa wake halitajwi mpaka kwenye kaburi lake? Milio miwili. Ni mchekeshaji gani aliyenyamaza dakika nzima redioni, nchi nzima ikacheka? Mlio mmoja, na makofi, na mahali fulani Mtaa wa Burudani mtu mmoja akapumua.

Kisha akaketi mzee mmoja aliyeitwa Ngwali, mwenye viganja vigumu kama nyayo.

"Kadi ya 4,417," alisema Muulizaji. "Mara ya tatu." Akalisoma swali. Akalisoma na dokezo, na kwenye neno mabegani sauti yake ilisita kidogo, kwa kuwa hilo hakulijua.

Saa ilianza. Mzee Ngwali hakuharakisha. Alipapasa meza kwa vidole, pigo moja zito, mawili mepesi.

"Mimi nilikuwa nyuma yake," alisema. "Nilipiga ngoma. Kila akivuta pumzi nilikuwa naona mshono wa bega unataka kukatika. Nikasema moyoni, leo tutaaibika."

"Jibu, mzee. Si hadithi."

"Zamzam," alisema Mzee Ngwali. "Nani mwingine?"

Muulizaji aligeuza kadi, akatabasamu upande ule, akamtazama Mwatumu na kuinua vidole viwili.

Ukumbi ulingoja. Mwatumu aliangalia kidole chake kama anayeangalia mnyama asiye wake. Alifikiri atalia, na hakulia. Alifikiri juu ya mlango unaokwama. Akabonyeza mara moja, akaondoa mkono, akauweka mapajani, akaushika kwa ule mwingine ili usirudi.

Mlio mmoja ulizunguka ukumbini, ukatulia.

"Kwa nini?" aliuliza Muulizaji.

Aliliuliza kwenye kipaza sauti. Likatoka kubwa, likafika mpaka viti vya nyuma, na kila aliyelisikia alijua kwamba mtu huyo hana jibu mkononi. Watu waliinamisha nyuso. Mwanamke mmoja alimziba mwanawe masikio. Muulizaji alibaki mdomo wazi, na pande zote mbili za mdomo wake zilikuwa sawa. Alionekana kijana, kama mtu aliyepotea kituo.

"Kwa sababu ndiye," alisema Mwatumu.

Kengele ikishalia hairudishwi. Karani wa ukumbini alileta kalamu, akakata jina nyuma ya kadi, akaandika jingine. Wino ulipokauka, katika safu ya nyuma, kwenye kiti ambacho watu walikuwa wamewekea mikoba yao, alionekana mwanamke mzee mwenye mabega mapana. Aliwarudishia mikoba yao mmojammoja, akisema samahani. Kisha akainua mkono wa kulia, bila uhakika, kama anayejaribu kama bado unafika juu. Mzee Ngwali alimwona, akapiga meza pigo moja zito, mawili mepesi.

Mwatumu alitoka kwa mlango wa wafanyakazi. Jua lilikuwa bado juu. Kwenye duka la kona alikuwa bado anajua kwamba anakwenda nyumbani kwa mtu. Alilishika jina kwa meno: Semeni, Semeni. Kwenye kisima lilikuwa limebaki Se. Akakumbuka kwamba Se ndiyo angeweza kuiandika, hakukumbuka wapi. Alipofika mtaani kwao alikuwa anatembea kwa mazoea tu, kama maji yafuatayo mfereji, na ndani yake palikuwa pakavu, pamefagiwa. Alijaribu mlango wa mbele. Ulikwama. Kitu kikamwambia azunguke uani, na hakujua ni nani aliyewahi kumwambia hivyo.

Uani palikuwa na mwanamke. Alikuwa ameketi kwenye kibao mbele ya jiko, sufuria ya wali imefunikwa, makaa juu ya kifuniko. Mwatumu alimtazama. Macho yalitaka kuteleza, akayarudisha. Yakateleza tena, akayarudisha tena. Hakujua jina lake. Hakujua ni wa kwanza wa nini, wala wa mwisho wa nini, wala alisimama wapi siku gani. Alitafuta katika droo zote alizowahi kuzifungua, na mwanamke huyu hakuwa jibu la kitu chochote.

Mwanamke naye alimtazama, kwa muda, akiwa amekunja macho kwa ajili ya moshi.

"Umekula?" aliuliza.

Mwatumu alisimama. Swali halikuwa kwenye kadi. Aliyeuliza hakuwa amefunika jibu kwa kidole gumba. Mikono yake yote miwili ilikuwa wazi, ina masizi, na uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua, anayetaka kujua, na asiyeona haya. Mwatumu alilitafuta jibu mahali pekee lilipoweza kuwa. Akashuka humo, penye ukavu na ufagio, akakuta kitu kidogo kinauma, chini kidogo ya mbavu.

"Bado," alisema.

Mwanamke alisogea kwenye kibao, akamwachia nafasi. Hakuna aliyepiga kengele.